Jedwali la Amri: Namna ya Kuipima Prosesa Iliyoundwa Nyumbani

Aliyeunda prosesa yake nyumbani, kwa chipu za mfululizo wa 7400 na nyaya zisizohesabika juu ya mbao za majaribio, hupenda kuanza kwa kuonyesha taa zinavyowaka. Zinapendeza, na kazi ya mikono iliyo nyuma yake inastahili heshima. Mjuzi wa fani hii, hata hivyo, huomba kwanza karatasi moja: jedwali la amri. Humo kila amri ambayo prosesa inaielewa imepewa namba yake, na humo ndimo ubora wa mashine nzima ulimoamuliwa kabla waya wa kwanza haujakatwa.

Jicho huanza na gharama ya kila biti. SAP-1, prosesa ya kufundishia iliyomo katika kitabu cha Albert Paul Malvino, ndiyo iliyomwongoza Ben Eater katika kompyuta yake ya biti 8 inayojulikana sana kwa video. Amri yake ni baiti moja: biti 4 za juu zinasema kifanyike nini, biti 4 za chini zinataja anwani. Biti 4 haziwezi kutaja zaidi ya anwani 16, kwa hiyo programu na data zake zote hubanana ndani ya baiti 16 za kumbukumbu. Kwa mwanafunzi ni mpango safi, maana anaona kwa macho kila biti inakoelekea. Kwa anayetaka kuandika mchezo wa kompyuta, njia imefungwa tangu siku ya kwanza. Udogo peke yake si kasoro. Kasoro ni mbunifu kutojua alichokilipia.

Halafu hutazamwa kama biti zinazofanya kazi moja zinakaa mahali pamoja katika amri zote. RISC-V, seti ya amri iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, ni mfano bora: namba za rejista zinazosomwa hukaa mahali pale pale kila zinapotumika, na biti ya alama ya namba iliyomo ndani ya amri huwa daima ya 31. Kwa mtu mwenye pasi ya kuchomelea mkononi, faida ni ya wazi. Waya hutoka kwenye rejista ya amri hadi kwenye kichaguzi cha rejista bila kupitia chipu za kuamua njia.

Upotevu nao huonekana kwenye jedwali. Prosesa ya kwanza ya ARM iliweka biti 4 za sharti katika kila amri, na mojawapo ya masharti 16 lilimaanisha “kamwe”. Sehemu moja ya kumi na sita ya nafasi yote ya amri ilikaliwa na amri zisizofanya lolote, hadi matoleo ya baadaye yalipoipangia kazi nyingine. Hata mikono hodari huacha mapengo ya namna hiyo.

Kinachofundisha zaidi kuliko amri zilizopo ni zile zilizoachwa. Kompyuta ya PDP-8 ya kampuni ya Digital, iliyotoka mwaka 1965, ilikuwa na biti 3 tu za kutaja aina ya amri, yaani aina 8. Haikuwa na amri ya kupakia namba kutoka kwenye kumbukumbu, wala ya kutoa. Kupakia kulifanywa kwa kufuta rejista ya hesabu kisha kujumlisha kwa TAD. Kutoa kulifanywa kwa kupakia namba, kuigeuza kuwa hasi, kisha kujumlisha nyingine. Uzuri uko kwenye DCA, ambayo huhifadhi namba kwenye kumbukumbu kisha hufuta rejista, kwa hiyo TAD inayofuata hugeuka kuwa upakiaji bila gharama ya ziada. Amri mbili zimetengenezwa zikijuana. Mkaguzi anayeona uhusiano wa aina hiyo kwenye jedwali la mtu wa nyumbani ana haki ya kufurahi.

Mashine hiyo hiyo ina onyo. JMS, amri ya kuita programu ndogo, iliandika anwani ya kurudi ndani ya neno la kwanza la programu ndogo yenyewe. Matokeo yake, programu ndogo haikuweza kujiita, kwa kuwa anwani ya pili ingefuta ya kwanza. Aliyeiga mtindo huo leo na kuweka programu zake kwenye kumbukumbu ya EEPROM amekwama vibaya zaidi, kwani kwa kawaida prosesa haiwezi kuandika hapo programu inapoendelea.

Ndiyo sababu kusoma jedwali hakutoshi. Mjuzi huandika programu tatu fupi: kunakili maneno kutoka mahali pamoja kwenda pengine, kuita programu ndogo inayoita nyingine, na kujumlisha namba ya biti 32 kwenye mashine ya biti 8.

Hiyo ya tatu ndiyo kali kuliko zote. Kujumlisha baiti nne kunahitaji flagi ya kubeba iendelee kuishi kutoka baiti moja hadi nyingine, na katikati yake kuna kihesabio cha mzunguko kinachopungua. Ikiwa kupunguza kihesabio kunaharibu flagi hiyo, mwandishi wa programu atalazimika kuihifadhi na kuirudisha kila mzunguko. Kwenye prosesa ya 6502 ya mwaka 1975, DEX hugusa flagi za sifuri na hasi peke yake, na kubeba hakuguswi. Prosesa hiyo haina amri ya kujumlisha bila kubeba, hivyo CLC lazima itangulie, na wengi wameisahau wakapata jibu lililozidi kwa moja. Lakini mzunguko wake wa kujumlisha namba ndefu ni mfupi na safi, na mjuzi huliona hilo kuwa badilishano la haki.

Jaribio jingine, la haraka, ni kumbukumbu tupu. EEPROM isiyoandikwa husomeka FF kila mahali. Kwenye prosesa ya Z80, FF ni RST 38, inayosukuma anwani kwenye staki kisha kuruka. Ikiikuta FF nyingine huko, itasukuma tena na tena hadi kuichafua RAM yote. RISC-V ilifanya busara: amri yenye sifuri tupu, na yenye moja tupu, zote ni haramu.

Lugha ya asembli hupimwa kwa kusomwa kwa sauti. Intel 8080 ilikuwa na MOV, MVI, LXI, LDA, STA na nyinginezo kwa kazi ambazo Z80 ilizikusanya chini ya LD moja, huku mabano yakionyesha kuwa kinachoguswa ni kumbukumbu. Ni maendeleo makubwa, isipokuwa pale JP (HL) inaporuka hadi kwenye thamani ya HL yenyewe bila kusoma kumbukumbu. Mabano yamedanganya mara moja, na msomaji hawezi tena kuyaamini kikamilifu.

Aliyeunda prosesa yake yuko huru kutumia Kiswahili, kwa kuwa asembla hutafuta neno kwenye orodha tu. Hapo lugha yetu inadai umakini. TOA ni kupunguza namba kutoka kwenye nyingine, na ni kutoa matokeo nje vilevile. RUKA ni kwenda anwani nyingine, na ni kuacha amri moja inayofuata, mambo mawili ambayo PDP-8 iliyatenga. Seti nzuri itaandika NENDA kwa la kwanza na RUKA kwa la pili, itaiachia TOA hesabu, na kutumia ONYESHA kwa taa.

Mwisho mkaguzi huuliza kama kuna kiigizi, programu inayoziendesha amri hizo kwenye kompyuta ya kawaida kabla ya nyaya. Sophie Wilson, mbunifu wa amri za ARM, aliandika cha prosesa hiyo kwa BBC BASIC, na amri zikapimwa humo wakati chipu yenyewe haijakuwepo. Chipu za kwanza zilipowashwa tarehe 26 Aprili 1985, zilifanya kazi.