Jina, Njeo na Nyuki: Masharti ya Lugha katika Riwaya-wasifu ya Watu wa Kihistoria

Ikisiri

Makala haya yanajadili ufundi wa kuandika riwaya-wasifu, yaani riwaya ambayo mhusika wake mkuu ni mtu aliyepata kuishi na anayetajwa kwa jina lake. Mifano imetolewa katika maandiko ya Kiswahili yanayowahusu Siti binti Saad, Kinjeketile na Mkwawa, kisha hoja inapimwa kwa kisa cha Liti, mwanamke wa Unyaturu anayekumbukwa mkoani Singida kwa kuwapinga Wajerumani. Inadaiwa kwamba uaminifu wa riwaya ya aina hii hauamuliwi na wingi wa utafiti peke yake. Huamuliwa pia na uteuzi wa jina, cheo, njeo na lugha ya mazungumzo, kwa kuwa kila uteuzi kati ya hizo ni dai la kihistoria.

1.0 Utangulizi

Maisha ya watu waliopata kuishi yameandikwa kwa Kiswahili kwa njia kadhaa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyasimulia yake mwenyewe katika tawasifu iliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Shaaban Robert aliandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Ebrahim Hussein na M. M. Mulokozi waliwaleta jukwaani Kinjeketile (1969) na Mukwava (1979). Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walimwandikia Dedan Kimathi tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kama Mzalendo Kimathi. Ukiangalia orodha hiyo, utaona kwamba tawasifu, wasifu na tamthilia zimetangulia. Riwaya, ambayo ndiyo yenye uwezo mkubwa zaidi wa kuingia ndani ya nafsi ya mtu, imekwenda polepole.

Sababu moja ni kwamba riwaya humdai mwandishi mambo ambayo tanzu nyingine humsamehe. Mwandishi wa wasifu anaweza kunyamaza pale ushahidi unapokoma. Mwandishi wa tamthilia humwachia mwigizaji sura, sauti na mwendo. Mwandishi wa riwaya hana pa kujificha: ni lazima aseme mhusika aliamkaje, alimwitaje mumewe, aliogopa nini usiku. Mambo hayo hayamo katika nyaraka. Kwa hiyo swali si kama atabuni. Atabuni. Swali ni jinsi atakavyobuni bila kumdanganya msomaji juu ya aina ya maarifa anayompa.

2.0 Jina na cheo

Uamuzi wa kwanza wa mwandishi huonekana kwenye jalada. Mulokozi alipochagua umbo Mukwava badala ya Mkwawa, alirudisha kiambishi mu- cha Kihehe ambacho Kiswahili hukifupisha kuwa m- ya silabi. Mabadiliko ni madogo kwa sauti, makubwa kwa maana: msomaji anaambiwa tangu mwanzo kwamba mtu huyu alikuwa na lugha yake kabla hajaingia katika yetu. Hussein naye alichagua Kinjeketile, ilhali watafiti wa historia ya Majimaji humwandika yule mganga wa Ngarambe kama Kinjikitile Ngwale. Katika utangulizi wake Hussein alitahadharisha kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, si nakala ya mtu wa kihistoria. Hata hivyo, tahadhari hubaki katika utangulizi, na jina hutoka nje na kutembea. Leo umbo la tamthilia ndilo linalosikika zaidi madarasani, na wako wanafunzi wanaonukuu maneno ya mhusika kama ushahidi wa yale aliyoyasema mtu aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Hapa ndipo ilipo hatari: kazi nzuri ya kubuni huwa na nguvu ya kuiziba historia.

Kisa cha Liti kinaonyesha tatizo hili kwa ukali zaidi. Mjini Singida jina hili hutamkwa na watu wengi, kwa kuwa uwanja wa mpira uliokuwa ukiitwa Namfua sasa unaitwa Liti. Katika maandishi jina hilo hutokea pia kama Leti. Kwa mwanaisimu, mkanganyiko huo hauhitaji kuelezwa kwa uzembe wa waandishi. Kirimi, lugha ambayo Waswahili huiita Kinyaturu, ina irabu 7, na tahajia ya Kiswahili ina irabu 5. Irabu iliyo kati ya i na e lazima iangukie upande mmoja au mwingine. Mwandishi wa riwaya anayeteua umbo moja anapaswa kujua kwamba ameteua, na aulize wasemaji wa lugha kabla hajauliza mchapishaji.

Cheo ni mtego mkubwa kuliko jina. Je, aitwe Malkia Liti, Mtemi Liti, Bibi Liti, au Liti tu? Unyaturu kabla ya ukoloni haukuwa na dola moja wala kiti cha enzi ambacho mtu angekirithi. Mamlaka yalikaa katika koo, kwa wazee na kwa wale waliosadikiwa kuwa na elimu ya mambo yasiyoonekana. Neno malkia linamjengea ufalme ambao haukuwapo, kisha riwaya inalazimika kuujaza ufalme huo baraza, walinzi na warithi. Neno moja la heshima linazaa sura tatu za uongo. Tena linaficha jambo la kustaajabisha zaidi: kwamba mwanamke asiye na jeshi la kurithi aliweza kufuatwa. Riwaya inayompa taji inamnyang'anya ushindi wake.

3.0 Njeo na mamlaka ya msimulizi

Masimulizi ya Singida yanasema Liti aliwapiga Wajerumani kwa nyuki. Tuangalie sentensi nne ambazo mwandishi anaweza kuzitumia:

(a) Liti aliwatuma nyuki, wakatoka, wakawavamia askari.
(b) Nyuki walitumika dhidi ya askari.
(c) Wazee wanasema Liti aliwatuma nyuki.
(d) Ati Liti aliwatuma nyuki.

Sentensi (a) ina njeo ya -li- inayothibitisha, ikifuatwa na -ka- inayofunga tukio na tukio hadi msomaji aone la pili limezaliwa na la kwanza. Nyuki ndani yake ni watendaji: wanatoka, wanavamia. Sentensi (b) imemwondoa Liti na kuwageuza nyuki kuwa silaha. Ni lugha ya ripoti ya boma, ambamo kauli ya kutendeka humficha mtenda. Sentensi (c) inawapa wazee haki ya usemi na kumwacha msomaji apime. Sentensi (d), kwa neno moja, inawadhihaki wazee hao hao. Hakuna kati ya sentensi hizi isiyo na msimamo. Mwandishi anayedhani anasimulia tu, amekwisha kuamua kama Liti alikuwa na uwezo, alikuwa na mbinu, au alizuliwa.

Lakini riwaya haiwezi kuandikwa yote kwa mtindo wa (c). Kurasa 200 za inasemekana na huenda zingechosha na kumuua mhusika. Suluhisho halimo katika kuongeza vielezi vya shaka, bali katika kugawa mtazamo. Jambo lenye utata lipewe mhusika mwenye sababu ya kuliamini. Askari aliyeumwa na kukimbia asimulie kwa uhakika wa (a), kwa kuwa mwili wake una ushahidi. Ofisa aandike (b), kwa kuwa hawezi kumweleza mkubwa wake kwamba alishindwa na wadudu wa mwanamke. Bibi mzee amsimulie mjukuu kwa (c). Msimulizi mkuu hana haja ya kuamua. Msomaji atasikia tukio moja katika sarufi tatu, na ataelewa kwamba historia ya ukoloni ilikuwa pia mashindano ya sarufi.

Kanuni hii ina upande wa pili. Pale ambapo jambo limethibitika, msimulizi asijifiche nyuma ya shaka. Kwamba Mkwawa alikufa mwaka 1898, kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani na fuvu likarejeshwa Uhehe mwaka 1954 baada ya kutajwa hata katika Mkataba wa Versailles, hayo si masimulizi ya kuachiwa babu. Yanadai -li- kavu. Mwandishi anayefunika yaliyothibitika kwa huenda anakosea sawasawa na yule anayethibitisha yaliyobuniwa.

4.0 Liti aseme lugha gani?

Katika Unyaturu wa enzi ya Liti, Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara, ya askari na ya utawala wa Kijerumani, ambao ulikitumia katika ofisi zake. Riwaya ya Kiswahili kumhusu Liti kwa hiyo inamweka katika hali ya ajabu: lugha iliyobeba amri za adui zake inakuwa lugha ya moyo wake. Hatuwezi kulikwepa hilo kwa kunyunyiza maneno ya Kirimi kama chumvi. Maneno ya kigeni yaliyotawanywa ovyo humfanya mhusika kuwa kioja katika nchi yake mwenyewe.

Njia bora ni kugeuza mizani. Kiswahili cha Liti na jamaa zake kiwe kipana, chenye mafumbo, utani wa ukoo na sentensi ndefu, kwa kuwa kinasimama badala ya lugha waliyoimudu tangu utotoni. Kiswahili cha boma kiwe chembamba: amri, hesabu, majina yaliyokosewa. Msomaji asikie nani yuko nyumbani na nani amekuja. Neno la Kirimi litumike pale tu ambapo la Kiswahili lingesema uongo, kama tulivyoona kuhusu malkia. Kwa kazi hiyo mwandishi hana kisingizio cha ukosefu wa vifaa: Howard Olson alichunguza fonolojia na mofolojia ya Kirimi, Marguerite Jellicoe aliandika kuhusu upinzani wa Waturu katika Tanzania Notes and Records (1969), na wasemaji wapo.

Kiswahili chenyewe kinahitaji kuchujwa. Tamathali zetu nyingi zimetoka pwani: tunatweka tanga, tunakwenda mrama, tunaelea na kuzama. Mtu wa nyanda kavu za kati, mwenye kuhesabu mvua na ng'ombe, hawezi kufikiri kwa jahazi. Wala hawezi kuahidiana na mwenziwe kukutana Jumanne saa tatu. Makosa ya namna hii hayaonekani kwa urahisi kwa kuwa yako ndani ya lugha tuliyoizoea, na kwa sababu hiyo hupotosha zaidi kuliko tarehe iliyokosewa.

Wasifu wa Siti binti Saad unatufundisha kwamba hata kumwona mtu kwa macho si kinga. Shaaban Robert alipata kuongea na Siti, jambo ambalo mwandishi wa Liti hatalipata. Hata hivyo, Siti wa kitabu, mwimbaji ambaye hakupata masomo ya shule, mara nyingi yu ndani ya Kiswahili cha maadili cha Shaaban Robert, na kila tukio la maisha yake hupinda kuelekea funzo. Kitabu hicho ni hazina, na hoja hii haikipunguzii thamani. Inaonyesha tu kwamba mtindo wa mwandishi unaweza kumfunika mtu aliye hai. Sembuse maiti asiyeweza kubisha.

5.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza limetoka kwa Georg Lukács, ambaye katika kitabu chake kuhusu riwaya ya kihistoria (1937) aliitilia shaka riwaya inayojengwa juu ya wasifu wa mtu mashuhuri. Kwake, mkubwa wa historia akae pembeni, na katikati akae mtu wa kawaida ambaye nguvu za jamii zinapita ndani yake. Vinginevyo harakati ya umma inageuzwa kuwa saikolojia ya mtu mmoja. Pingamizi hili lina uzito hasa kwa Unyaturu, jamii isiyo na mfalme. Lakini Lukács aliwafikiria watu ambao nyaraka zimewashiba. Kwa Liti mambo yamepinduka. Maandishi ya awali kuhusu Ituru yaliyosomwa ng'ambo ni ya Henry Morton Stanley, aliyepita na kupigana huko Januari 1875. Humo wenyeji ni umati, ni "wao". Kumweka mwanamke mmoja katikati, mwenye jina na hofu zake, si kuikimbia historia ya umma. Ni kuurudishia umma nafsi ya kwanza.

Pingamizi la pili ni la uhuru wa msanii: akifungwa na masharti yote haya, riwaya itabaki nini? Itabaki karibu yote. Masimulizi yanayorudiwa zaidi humwanza Liti vitani na kummaliza kifoni. Utoto, ndoa, wivu, kicheko, hasira zake kwa jirani, usiku wa kuamkia mapigano, vyote ni mali ya mbunifu. Masharti yanahusu yale ambayo jamii inayashikilia kwa pamoja: aliitwa nani, alikuwa nani mbele ya watu wake, alisema lugha gani, aliuawa na nani. Katika mambo ya faragha mwandishi yu huru. Katika mambo ya hadhara anadaiwa.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba jina, cheo, njeo na lugha ya mazungumzo si mapambo ya riwaya-wasifu. Ndipo mahali ambapo ukweli wake hujengwa au hubomolewa. Matokeo ya hoja hii kwa uhakiki ni ya moja kwa moja. Tunapoipima riwaya ya aina hii tusianze kwa kuuliza kama matukio yake yalitokea. Tuanze kwa kuuliza kila -li- imesimama juu ya nini, kila cheo kimetoka wapi, na kila methali ingeweza kusemwa na nani. Kwa ufundishaji, vyuo vyetu vingefanya vyema kuisoma riwaya-wasifu katika darasa moja na masimulizi simulizi ya eneo linalohusika, ili mwanafunzi aone kilichochukuliwa na kilichoongezwa.

Shauri hili lina haraka yake. Kitabu kikishaingia shuleni, mtoto wa Ikungi au Mkalama atamjua Liti wa kitabu kabla ya Liti wa bibi yake, na baada ya kizazi kimoja bibi atasahihishwa kwa kitabu. Mwandishi atakayeitenda kazi hiyo ahakikishe kwamba bibi huyo, akisomewa, atamtambua mtu wake.