Fundi Anayeacha Mtungi kwenye Pikipiki

Klima ikianza kupuliza hewa ya vuguvugu, mwenye nyumba wa Kalemie, hapa Kongo, humpigia fundi simu. Hamwelezi tatizo, anampa amri: njoo utie gesi. Ameshajipima na kujiandikia dawa mwenyewe. Fundi wa ovyo hufurahi kusikia hivyo. Anafika na mtungi, anafunga mpira kwenye valvu, anasubiri chumba kipoe, anapokea chake, na baada ya miezi michache anaitwa tena kwa kazi ileile. Nimekusudia kumsifu mwenzake, yule anayeacha mtungi kwenye pikipiki na kuingia uani na bisibisi tu.

Gesi ya klima si petroli. Haichomwi wala hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote. Chumbani inachemka na kuwa mvuke, na kule kuchemka ndiko kunakofyonza joto la hewa. Kompresa inaukandamiza mvuke mpaka uwe moto kuliko hewa ya nje hata saa saba mchana, ndipo ule mtambo wa uani wenye feni unapolitema joto lile na gesi kurudi kuwa kimiminika. Mashine haitengenezi baridi, inahamisha joto tu kutoka chumbani kwako kwenda uani. Gesi ya zamani, R-22, ukiiachia huru huchemka kwenye karibu nyuzi 41 chini ya sifuri, ndiyo maana ikikurukia mkononi hubabua ngozi. Kama mashine ilitoka kiwandani na gramu 900, inapaswa kuwa na gramu 900 mpaka siku itakapotupwa. Zikipungua, kuna mahali pana tundu, na anayeongeza gesi bila kulitafuta anakulipisha kwa kujaza ndoo inayovuja.

Ukitaka kuona ufundi huu bila mapambo, nenda Kiambi. Mto Luvua, unaotoka Ziwa Mweru na kwenda kuungana na Lualaba kule Ankoro, unapita hapo. Juu ya Kiambi kuna maporomoko ya Piana Mwanga, ambapo kampuni ya Géomines ilijenga kituo cha umeme katika miaka ya 1930 ili kuendesha machimbo ya bati ya Manono. Vita viliharibu kituo kile. Leo mtu wa Kiambi akitaka umeme anategemea paneli za jua au jenereta, kwa hiyo klima huko ni chache na kila moja inajulikana iko kwa nani. Duka la vipuri hakuna. Mtungi wa gesi uko Kalemie. Kapasita au feni, ikikosekana Kalemie, hutoka Lubumbashi au ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kigoma. Fundi akikosea kubuni, ni safari nzima imepotea kwenye barabara ya udongo. Mazingira haya humlazimisha kufikiri kabla ya kufungua parafujo ya kwanza.

Katika nyumba ya wageni moja ya huko nilimwona fundi akipokewa kwa maneno ya kawaida: "Papa fundi, gesi imeisha kwa zote mbili."

"Mama, gesi haiishake," akajibu. "Kama imepunguka, iko fasi inatokeaka. Kwanza uniambie: inashindwa asubuhi, ao mchana tu?"

Mchana tu, ilikuwa moja. Nyingine tangu alfajiri. Swali lile dogo lilikuwa limekwisha kuzitenganisha mashine mbili kuwa wagonjwa wawili. Ya kwanza alifungua kifuniko chake cha ndani, akatoa kichujio. Vumbi lilikuwa limekifunga hata mwanga haupiti. Uani, mapezi ya alumini ya ule mtambo wa nje yalikuwa yamepakwa udongo mwekundu wa kiangazi. Joto lilikuwa halina pa kutokea, hasa jua likiwa utosini. Alizima umeme, akafungua kifuniko cha nje, akamwagia maji taratibu kutoka ndani kwenda nje ili uchafu urudi ulikoingilia, maana ukisukuma kutoka nje unaukandamiza katikati ya mapezi, na presha kubwa huyalaza. Ikakauka, ikawashwa, ikapoza. Gesi haikuguswa.

Ya pili aliisoma kwa kiganja. Klima ya nyumbani ina mabomba mawili yanayotoka ukutani, nene na jembamba, na yote mawili yanatakiwa kuwa baridi, lile nene likitoa jasho. Hapa jembamba lilikuwa limeota barafu kwenye valvu, na nene lilikuwa kavu, lina joto la hewa tu. Hiyo ndiyo dalili ya gesi pungufu. Ingekuwa barafu imepanda kwenye bomba nene, angerudi kutafuta kichujio kilichoziba au feni iliyochoka. Hakukimbilia geji. Alichuchumaa akakagua nati za maungio, moja baada ya moja, na kwenye moja akaona doa jeusi lenye vumbi lililoganda. Gesi inapotoroka hutoka na mafuta kidogo ya kompresa, na vumbi hunata hapo. Akapaka povu la sabuni, mapovu yakavimba polepole. Akakusanya gesi iliyobaki ndani ya mtambo wa nje, akakata ncha ya shaba iliyopasuka, akaitanua upya kwa kifaa, akatia tone la mafuta, akakaza kwa spana mbili. Ndipo akatuma kijana akalete mtungi na mizani kwenye pikipiki.

Mizani, nasisitiza. Geji hudanganya wanaoiamini kupita kiasi. Mashine ya R-22 ikiwa imezimwa na hewa ina nyuzi 25, geji itaonyesha karibu psi 137 iwe imejaa au imebakiza robo, maadamu kimiminika kingalimo, kwa sababu presha hapo hufuata joto na si wingi. Kwa R-410A, gesi iliyoirithi, namba ni karibu 225. Fundi anayekwambia "presha iko sawa" huku kompresa imelala hajakwambia kitu.

Mjini Kalemie ugonjwa mkubwa ni umeme wenyewe. Laini ya SNEL, shirika la umeme la taifa, inayotegemea maji ya mto Kyimbi kule Bendera, inapolegea jioni, kompresa hunguruma bila kuanza, hupata moto, hujizima, hujaribu tena, mpaka siku inaungua. Mara nyingi kinachokufa kwanza ni kapasita, mkebe mdogo wa kusukumia mota. Tuseme imeandikwa mikrofaradi 35. Ukiipima na kukuta 28, imekwisha, hata kama kwa macho ni nzima. Fundi mwangalifu huimaliza chaji kabla ya kuigusa, kwani hukaa na umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kompresa, na ninajua nyumba ambazo ziliuziwa kompresa. Siku nyingine kosa ni sisimizi waliopondwa katikati ya ncha za kontakta, au mjusi aliyetafuta mahali pa joto akafia kwenye nyaya.

Kuna sehemu ya kazi hii ambayo mteja huiona kama uvivu. Bomba likishafunguliwa, hewa na unyevu huingia, na unyevu ukichanganyika na mafuta ya kompresa za siku hizi huzaa asidi inayokula mota kwa ndani. Dawa yake ni pampu ya kunyonya hewa, inayoshusha presha mpaka maji yaliyojificha yachemke kwa joto la kawaida la uani na kutoka kama mvuke. Inachukua nusu saa au zaidi. Fundi amekaa kwenye kigoda, pampu inanguruma, mwenye nyumba anapita mara ya tatu akiangalia saa. Wengi hushindwa na macho yale, wakapuliza gesi kidogo kufukuza hewa na kufunga. Mashine itapoza vizuri leo, na kompresa itakufa mapema bila mtu kujua aliyeiua. Mbaya zaidi ni wale wanaokosa naitrojeni ya kupimia uvujaji wakaazima mtungi wa oksijeni kwa mchomeleaji. Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta hulipuka. Usimruhusu mtu huyo uani kwako.

Itifaki ya Montreal ya 1987, kupitia marekebisho yake ya baadaye, ndiyo iliyoiwekea R-22 tarehe ya kuondoka, kwa kuwa inatafuna ozoni. Iliyoshika nafasi yake majumbani, R-410A, haigusi ozoni, lakini kilo yake moja ikitoroka huipasha dunia sawa na kilo 2088 za kaboni dioksidi. Hilo nalo likajadiliwa hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016, nchi zikakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Sasa zinaingia mashine za R-32, madhara yake ni kama theluthi moja, ila inaweza kushika moto, kwa hiyo fundi aliyezoea kuchomelea huku sigara ikining'inia mdomoni itabidi aiache. Mtu anayejaza mashine inayovuja kila mwaka hajui kwamba ameshiriki mkutano ule kwa upande wa pili.

Ndugu zetu walioko Norway wanayo mashine hiihii ukutani, wao wanaiita pampu ya joto. Valvu moja hugeuza njia ya gesi, na mtambo wa nje ukaanza kufyonza joto kwenye hewa ya theluji na kulileta sebuleni. Fundi wa Kalemie akifika kule atahitaji koti, lakini mabomba atayatambua.

Tatizo letu ni jinsi tunavyomlipa. Tunalipa gesi kwa sababu tunauona mtungi, na kichwa tunakihesabu bure. Hivyo tumewafundisha vijana wenyewe kwamba kutafuta hakulishi watoto, kutia ndiko kunakolisha. Siku fundi akija kwako, akauliza maswali, akaosha, akapima, kisha akakwambia gesi iko sawa, usimpe pesa ya soda. Mlipe kazi ya siku.