Jua Linalong'arisha, Jua Linalochafua

Mshumaa mweupe wa dukani haumsumbui mtu. Ni parafini iliyosafishwa kiwandani. Stima ikipotea unawashwa, ukiisha unasahaulika. Mshumaa ninaousifu mimi ni ule wa jikoni: wa nta ya nyuki, wenye harufu nzuri, na juu ya hayo mweupe. Mambo haya matatu hayapatani kwa urahisi. Nta hutoka mzingani ikiwa ya manjano au kahawia, na manukato nayo huja na rangi yake. Kuyaunganisha, kisha mshumaa ukabaki mweupe miezi baada ya kumiminwa, ni kazi ya mtu mwenye subira na jicho kali.

Migwani, huku kwetu Kitui, ni mahali pazuri pa kazi hii. Ukishika barabara ya kutoka Kabati unaona miatu, mizinga yetu ya magogo, imening'inia kwenye migunga, na kila mmoja una alama ya mwenyewe. Ukambani asali imethaminiwa tangu zamani, ya kuliwa, ya kuuzwa na ya kutengeneza pombe. Masega yaliyokamuliwa ndiyo yaliyodharauliwa, na mara nyingi yalitupwa. Hilo linaniuma, maana Kanisa Katoliki kwa karne nyingi lilitaka mishumaa ya altare iwe ya nta ya nyuki, na sisi tulikuwa tukiimwaga nta hiyo nyuma ya nyumba.

Weupe huanzia kwenye kuchagua. Sega jipya, ambalo nyuki wameliwekea asali tu, lina rangi hafifu. Sega kuukuu ambamo mabuu wamelelewa msimu baada ya msimu limejaa maganda yao na ile gundi ambayo nyuki huzibia nyufa, na gundi hiyo ikishayeyuka ndani ya nta haitoki tena. Fundi mzuri huyatenga masega hayo mapema, akayawekea kazi nyingine. Nta ya kupakia ngozi au uzi haihitaji kuwa nyeupe.

Kisha chombo. Nta ina asidi zake, na asidi hizo huathiriana na metali. Karai la chuma huipa nta rangi ya kahawia, shaba huigeuza kijani, na ndoo ya mabati nayo huiharibu. Sufuria ya kawaida ya alumini inafaa. Ya chuma cha pua ni bora zaidi. Maji ndiyo yanayosumbua zaidi kwetu. Visima vingi vya Kitui vina chumvi, na maji yenye chokaa nyingi huifanya nta iwe na ukungu wa kijivu, kama sabuni isiyotoa povu. Kwa hiyo watu wanaoijali kazi hii huteka kwenye tangi la maji ya mvua, hasa mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo Ukambani huzitegemea. Asiye na tangi hutia siki kidogo, au ndimu.

Moto uwe wa pole. Nta huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64. Ikipita 85 huanza kuwa nyeusi na kupoteza harufu yake. Ndiyo maana haiwekwi juu ya makaa moja kwa moja, bali sufuria ndani ya sufuria yenye maji. Usalama pia umo humo, kwani nta iliyopata moto sana huwaka.

Sasa inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote. Unachukua ubao laini uliolowa maji, unauchovya kwenye nta iliyoyeyuka, unautoa na kuutumbukiza kwenye maji baridi. Nta hubanduka kama utando, nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha kidole upande wa pili. Unarudia mpaka upate lundo, unalitandaza juu ya kitambaa cheupe uani, unalinyunyizia maji na kuligeuza. Jua la Kitui, lile linalokausha mbaazi na mtama, hufanya kazi iliyobaki. Siku zinavyokwenda, manjano hufifia kutoka kingoni kuelekea katikati, bila dawa yoyote. Venice ya zamani ilijulikana kwa kung'arisha nta juani namna hii. Jua tunalo la kutosha, hata wakati ambapo hatungelitaka.

Baada ya hapo jua hilohilo hugeuka adui. Manukato yakishatiwa, mwanga huyavunjavunja, na mshumaa ulioachwa dirishani huwa wa manjano upande mmoja. Vanila ni hatari zaidi. Kiini chake, vanilini, hugeuka kahawia hata gizani, ndani ya sanduku lililofungwa. Zipo kemikali za kuzuia mwanga, lakini hizo hazizuii tabia hiyo ya vanilini. Karafuu ina yujenoli kwa wingi, nayo hukolea rangi kadiri inavyokaa. Mafuta ya mchaichai yana umanjano tangu chupani. Mimi nasema vanila na karafuu ziwekwe kwenye mishumaa ya kahawia, zionekane wazi zilivyo.

Anayeng'ang'ania vanila ndani ya weupe ana hila moja ya haki: atengeneze kiini chenye harufu, kisha akichovye mara kadhaa kwenye nta nyeupe isiyotiwa kitu, mpaka kivae ganda. Ganda huficha kwa muda tu, kwa sababu rangi hupenya polepole, hivyo mshumaa huo uuzwe upesi.

Kwa mishumaa ya kukaa, mafuta ya mkalitusi ndiyo ninayoyaamini. Karibu hayana rangi, na gramu 30 kwa kilo ya nta zinatosha chumba. Kila chungu kinapomiminwa, mshumaa mmoja huwekwa dirishani na mwenzake sandukuni, na baada ya miezi michache yote miwili hutolewa na kulinganishwa kabla ya harufu hiyo kupelekwa Mwingi kuuzwa. Linalofuata ni ubani. Miti yake inamea katika nchi kavu za kaskazini mwa Kenya, na mafuta yake yanapokamuliwa kwa mvuke hutoka hafifu mno kwa rangi. Yakivumilia dirisha, tutakuwa na mshumaa wa altare wenye harufu ya altare, nta yake ikiwa imetoka kwenye miatu yetu wenyewe.