Bika mbili za Mpemba: swali la mwanafunzi lilivyopimwa hadi likaonyeshwa

Pita kwenye meza za maonyesho ya sayansi katika shule nyingi za sekondari, utakuta vitu vya kuvutia: volkano ya udongo inayofoka povu la magadi na siki, feni ya chupa za plastiki, ramani ya mwili wa binadamu yenye taa ndogondogo. Nyuma ya meza yupo mwanafunzi mwenye sare iliyopigwa pasi, maelezo ameyakariri vizuri. Muulize, "Ulitaka kujua nini?" Mara nyingi atakueleza kitu chake kinavyofanya kazi. Kuunda kitu ni ustadi, na ustadi huo unastahili heshima. Lakini uchunguzi ni kazi ya namna nyingine. Mchunguzi ana jambo asilolijua, anatafuta njia ya kulipima, kisha anakubali jibu litakalokuja hata kama halimpendezi.

Mfano ulio bora kuliko yote ninayoifahamu ulianzia Tanganyika, na ulianza kwa aiskrimu. Jina la Erasto Mpemba wengi wamelisikia, na maji ya moto yanayowahi kuganda kuliko ya baridi yamesimuliwa sana, hadi yamekuwa kama hadithi ya bahati. Nataka kuipitia kazi yenyewe hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho mwalimu anayesimamia miradi ya wanafunzi anahitaji kukijua.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanachanganya na sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Nafasi katika friji ilikuwa ya kugombaniwa. Siku moja mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa nafasi, alichanganya sukari na maziwa ambayo hayakuchemshwa akayaingiza. Mpemba naye akaona akisubiri yake yapoe atakosa, akayaweka yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, yake yalikuwa yameganda na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Hapo pana ajabu iliyoonekana, lakini hapajawa na jaribio. Tazama tofauti zilizopo kati ya vyombo vile viwili. Kimoja kilikuwa cha moto na kingine cha baridi, sawa. Lakini pia kimoja kilikuwa na maziwa yaliyochemshwa na kingine mabichi. Hakuna aliyepima ujazo, wala haijulikani kila chombo kilikaa upande gani wa friji. Mtu akisema joto ndilo lililoleta tofauti, mwingine anaweza kusema ni kuchemsha, na hakuna wa kuwaamua. Miradi mingi ya shule huishia katika hatua hii hii: vitu vitatu vimebadilika kwa pamoja, kisha bango linatangaza sababu moja.

Mpemba alimuuliza mwalimu wake, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakuacha. Wakati wa likizo alizungumza na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga, akaambiwa kuwa wauzaji wenyewe huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili uwahi kuganda. Huu nao ni ushahidi, tena wa watu ambao mkate wao unategemea kuganda kwa aiskrimu. Mpemba alikwenda kwa wenye kazi kabla hajafika kwa wenye vitabu, na hatua hii tunaipuuza mno shuleni. Mwanafunzi anayechunguza kwa nini mahindi yanaota kuvu anaweza kujifunza mengi kwa bibi mwenye ghala, ilimradi akumbuke kuwa alichokipata ni fununu ya kwenda kupima.

Alipofika Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, somo la joto lilimletea kanuni ya Newton ya kupoa. Akauliza tena. Safari hii mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa likalichukua neno hilo likawa la kumtania kila alipokosea.

Nataka kumtendea haki mwalimu yule, kwa sababu hoja yake ilikuwa na mguu wa kusimamia. Maji ya nyuzi 100 hayawezi kufika sifuri bila kupita nyuzi 35. Yakifika pale yanakuwa sawa na yale yaliyoanzia nyuzi 35, isipokuwa hayo ya pili yameshatangulia. Kwa hesabu hiyo, maji ya moto hayana namna ya kushinda. Ila hesabu imebeba dhana moja ambayo haikusemwa: kwamba ukishajua nyuzi za joto umeshajua kila kitu kuhusu maji yale. Je, ni kweli? Maji yaliyotoka kwenye mchemko yamepoteza sehemu yake kwa mvuke, kwa hiyo yamebaki machache. Hewa iliyoyeyuka ndani yake imepungua. Ndani ya chombo yanazunguka, ya moto yakipanda juu na ya baridi yakishuka. Na kitako cha chombo cha moto kinaweza kuyeyusha utando wa barafu kilipokaa, kikagusana vizuri zaidi na ubaridi wa friji. Kila moja kati ya hizo ni swali la mradi mzima. Mwalimu angeweza kulitaja hata moja tu na kumwambia kijana, kajaribu.

Kijana alijaribu mwenyewe. Alasiri moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi na hamna mwalimu. Akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziingiza zote kwenye sehemu ya kugandishia ya friji. Baada ya saa moja akaangalia. Barafu ilikuwa nyingi zaidi katika bika ya maji ya moto.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Maziwa yameondoka na sukari imeondoka. Vyombo ni vya aina moja na ujazo ni mmoja. Kati ya vitu vyote vilivyotofautiana Magamba, Mpemba amejitahidi kubakiza joto peke yake. Hakuna mtu aliyemfundisha kufanya hivyo kwa swali lile, na bika zilikuwa zile zile ambazo kila mwanafunzi wa sayansi alizitumia. Gharama ya jaribio ilikuwa maji na saa moja ya alasiri. Lilibaki na upungufu, kwani jaribio moja halitoshi, naye alilijua hilo: alikusudia kulirudia.

Kisha akaja mgeni. Dkt. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki, alialikwa Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Muda wa maswali ulipofika Mpemba akasimama na kuuliza kwa nini, ukichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 kinawahi kuganda. Swali hilo limejengwa kama mpango wa jaribio. Chombo, ujazo na joto la kuanzia vyote vimo, na matokeo yamo. Mtu yeyote mwenye friji angeweza kwenda kulipima bila kumuuliza Mpemba neno la ziada. Wenzake waliona amewaaibisha mbele ya mgeni. Kwangu mimi, dakika ile ilikuwa onyesho la sayansi lililokamilika, lisilo na meza wala bango.

Osborne hakujifanya anajua. Alimuuliza kama ameshaliona mwenyewe, akaahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam, na ahadi akaitimiza. Fundi wa maabara aliyepewa kazi alileta taarifa kwamba maji ya moto kweli yalitangulia, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Nguvu ya kile tunachotarajia kukiona ni kubwa hivyo, hata kwa mtu anayeshinda maabara.

Majaribio ya Dar es Salaam yalikaza uzi zaidi. Waliweka maji sentimita za ujazo 70 katika bika za ujazo wa 100, wakatumia maji yaliyochemshwa ili suala la hewa liwe sawa kwa yote, na chini ya bika wakalaza povu gumu la plastiki lisilopitisha joto, hivyo ile sababu ya utando wa barafu ikatolewa mashindanoni. Wakabadilisha joto la kuanzia na kupima muda mpaka maji yaanze kuganda. Muda mrefu kuliko yote ulitokea kwa maji yaliyoanzia karibu na nyuzi 25. Yaliyoanzia karibu na 90 yaliwahi zaidi. Maji yaliyopotea kwa mvuke yalikuwa machache mno kuieleza tofauti yote. Walipofunika uso wa maji kwa tabaka jembamba la mafuta, kupoa kulichelewa sana, dalili kwamba joto lilikuwa likitokea juu.

Mwaka 1969 matokeo yalichapishwa katika jarida la Physics Education. Jina la kwanza lilikuwa la Mpemba, ambaye wakati huo alikuwa akisoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, na la pili la Osborne. Mpemba alisimulia sehemu yake kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na kuchekwa kwake, na Osborne akaeleza vipimo. Mgawanyo huu wa kalamu ni uamuzi wa kiufundi pia. Msomaji anaona nani aliona nini, na nani alipima nini.

Miaka mingi baadaye njia kama hiyo ilifuatwa katika kijiji cha Blackawton, Uingereza. Watoto 25 wa shule ya msingi, wenye umri wa miaka 8 hadi 10, walichunguza kama nyuki bambi wanaweza kutumia rangi na mpangilio wa maua bandia kujua penye sukari. Siku ya kupima sukari iliondolewa kabisa, ili nyuki aongozwe na alichojifunza badala ya utamu uliopo. Taarifa yao ilitoka katika jarida la Biology Letters mwaka 2010, kwa lugha yao na kwa michoro yao ya penseli za rangi. Mwanasayansi aliyewasaidia, Beau Lotto, hakuwapora sauti.

Na swali la Mpemba halijafungwa. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, ilishindanisha maelezo ya jambo hilo na kupokea majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao wakisema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi. Wao walipima muda wa kufika nyuzi sifuri, ilhali Dar es Salaam walipima mwanzo wa kuganda. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikipanda au kushuka kama sentimita moja tu ndani ya chombo, tofauti ya uongo inaweza kujitokeza. Hapo kuna funzo la kazi kwa kila kikundi cha wanafunzi: kabla ya kuwasha saa, andikeni ni tukio gani litakaloizima. Barafu ya kwanza juu ya maji, sifuri kwenye kipimajoto, au bika nzima kuwa jiwe, ni nyakati tatu tofauti, na kila moja inaweza kutoa mshindi wake.

Tanzania leo ina maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanza mwaka 2012 kwa kufuata mfano wa Ireland, ambako maonyesho ya namna hiyo yalianzishwa mwaka 1965. Kenya wana mashindano yao ya sayansi na uhandisi, na huko ndiko klabu ya mwalimu Peter Tabichi wa Keriko, kaunti ya Nakuru, shule iliyokuwa na kompyuta moja, ilikopata ushindi mwaka 2018 kwa kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu. Uwanja upo. Kinachonisumbua ni kinachotokea wiki chache kabla ya uwanja kufunguliwa: mada inatoka kwa mwalimu, bango linachapishwa mjini, na mtoto anabakiwa na kazi ya kukariri.

Mimi ningeanza na daftari. Liwekwe mezani likiwa wazi, lenye tarehe, mistari iliyokatwa na jaribio lililogoma, na jaji alisome kabla ya kutazama bango. Aulize kati ya jaribio la kwanza na la pili mlibadilisha nini, na kwa nini hicho. Kikundi kinachoweza kujibu hilo kwa utulivu kimechunguza, hata kama meza yake ina bika mbili tu. Na muda uongezwe. Kutoka friji ya Magamba hadi jaridani ilipita miaka sita. Muhula mmoja unatosha kwa swali dogo, lakini wiki mbili za pilikapilika hazitoshi kurudia jaribio hata mara tatu.

Wakuu wa shule, mnapoandika barua za mwaliko kwa ajili ya maonyesho yajayo, mgeni rasmi apate nafasi yake kama kawaida. Lakini mwalikeni pia mtu mmoja mwenye maabara, karakana au shamba la majaribio, na mwombeni kabla hajafika achague swali moja la mwanafunzi, aondoke nalo, akalipime, kisha alete majibu shuleni.