Nani Anamlipa Wakili?

Uandishi wa habari za serikali ndogo hauna mbwembwe. Hakuna rais anayeshuka kwenye ndege. Kuna kikao kilichochelewa kuanza, ajenda ya mitaro, na makabrasha ya hesabu ambayo hata walioyaandaa hawana hamu ya kuyasoma. Anayeyasoma mpaka ukurasa wa mwisho, tena bila kungojea bahasha, ndiye fundi ninayemsifu hapa.

Wa aina hiyo walikuwapo Storm Lake, mji wa wakulima na viwanda vya nyama katika jimbo la Iowa, Marekani. John Cullen alianzisha gazeti la The Storm Lake Times mwaka 1990. Mdogo wake Art akawa mhariri, Tom mtoto wa Art akaripoti, Dolores mke wa Art akapiga picha. Lilitoka mara mbili kwa wiki, nakala kama 3,000. Ukoo mzima ungeweza kuishi kwa kutangaza harusi na matokeo ya mpira, na hakuna ambaye angewalaumu.

Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya jiji la Des Moines ilizishtaki kaunti tatu, Buena Vista ya akina Cullen ikiwamo, ikidai kwamba mifereji zinayoisimamia inamwaga nitrati za mashambani katika Mto Raccoon, chanzo cha maji ya jiji hilo. Kaunti zikaweka mawakili wa bei mbaya. Wananchi wakatulizwa: kodi yenu haitaguswa.

Wengi wangeshukuru Mungu wakaenda zao. Akina Cullen wakauliza: basi analipa nani? Swali lenyewe ni hesabu ya darasa la tatu: kazi imefanyika, malipo hayaonekani kwenye vitabu vya kaunti, na mawakili hawafanyi kazi kwa sadaka. Kulijibu, hata hivyo, kulihitaji barua juu ya barua, sheria ya jimbo ya nyaraka za umma, na kutochoka kuambiwa kwamba hayo si yenu. Hatimaye ikajulikana kwamba fedha zilitoka kwa makundi ya kilimo cha biashara, yaani wenye maslahi katika kesi hiyohiyo.

Pasipo na wasumbufu kama hao, mambo huwa kama Bell, California, mji uliokuwa na watu zaidi ya 35,000 wakati huo. Meneja wake, Robert Rizzo, alifikia kulipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka. Aliumbuka mwaka 2010, waandishi wawili wa Los Angeles Times, waliokuwa wakifuatilia mji jirani wa Maywood, walipoomba kuona mishahara. Bahati tu!

Lakini mgeni huandika akaondoka. Mwandishi wa mji mdogo ana deni la ziada: aliyemwandika leo atapanga naye foleni dukani kesho, na mwenye tangazo la ukurasa wa tatu ni mkulima aliyeudhika. Sidhani vyuo vya uandishi wa habari vinafundisha namna ya kuvumilia hilo.

Aprili 2017 Art Cullen alipewa Tuzo ya Pulitzer kwa tahariri zake. Kesi ya maji jaji alikuwa ameitupa mwezi mmoja kabla, na mto ukabaki na nitrati zake. Wapo watakaosema gazeti lilishinda nusu. Lakini gazeti halikuahidi kusafisha mto. Lilitaka kumjua mlipaji, na likamjua.