Fuvu linapomeza miale: Je, tunasahihisha au tunafidia?

Majuzi niliombwa kupitia rasimu ya maelezo ya wagonjwa wanaopigwa picha za ubongo kwa mashine inayounganisha PET na MRI. Mfasiri ni mtu makini na sarufi yake haina doa. Hata hivyo, nilipofika penye “kusahihisha upungufu wa ishara za ubongo”, nilikwama. Upungufu huo ni wa ubongo au wa picha?

Hebu tuitazame dhana kabla ya kuipa jina. Katika PET, mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa kiini cha mnururisho, aghalabu florini-18. Positroni inayotoka humo hukutana na elektroni, zote mbili zikatoweka na kuzaa fotoni mbili zinazokimbilia pande zilizo kinyume, kila moja ikiwa na nishati ya kiloelektronivolti 511. Baadhi ya fotoni hizo hazifiki kwenye vitambuzi. Humezwa au hupotoshwa njia na tishu, na mfupa wa fuvu ni mlafi kuliko nyama laini. Picha hufifia, ilhali ubongo wenyewe huenda u mzima.

Hapo ndipo “upungufu” unapopotosha. Ugonjwa wa Alzheimer nao hupunguza matumizi ya sukari katika sehemu kadhaa za gamba la ubongo, nyingine zikiwa karibu na fuvu. Tukiyaita mambo haya mawili kwa jina moja, tunamtia mgonjwa hofu ya bure. Napendekeza “ufifiaji wa miale”.

Na “kusahihisha” je? Husahihishwa kilichokosewa. Hapa hakuna aliyekosea: fuvu limechukua, nasi tunarudisha. Kiswahili kina neno tayari, nalo ni kufidia. Mkenya ambaye barabara imepita shambani mwake analijua fika.

Wapo watakaosema fidia ni ya ardhi na mahakama, si ya maabara. Naona kinyume. Fidia ya haki hudai kujua kwanza kiasi kilichochukuliwa, na hilo ndilo linaloisumbua MRI. CT hutumia eksirei, hivyo picha yake huonyesha jinsi mwili unavyozuia miale. MRI hutegemea viini vya haidrojeni, hasa vya maji na mafuta. Mfupa mgumu una maji machache na mawimbi yake huzimika upesi, basi katika picha za kawaida huonekana mweusi ti, sawa na hewa. Baadhi ya mbinu za awali zilihesabu fuvu kama nyama laini. Fidia ikawa haba, hasa kwa sehemu za ubongo zinazopakana na mfupa. Siku hizi wataalamu hunasa mawimbi ya mfupa kabla hayajazimika, au hukadiria fuvu kwa kutumia hazina ya picha za CT za watu wengine.

Kwa hivyo nilimrudishia mfasiri rasimu yake na sentensi hii pembeni: “Mfupa wa kichwa humeza sehemu ya miale, kompyuta itafidia kilichomezwa.” Mgonjwa akiisoma, ataelewa kwamba kilichofifia ni picha.