Kuvuka kiunzi bila kupoteza mwendo

Katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, macho yangu hayaendi kwenye saa. Hukaa kwenye kichwa cha mkimbiaji. Kikipanda na kushuka kila anaporuka, nguvu zinamwagika hewani. Kikisonga mbele bila kuyumba, hapo pana fundi. Hapa Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na anayeruka juu kupita kiasi hukatwa pumzi mapema.

Kiunzi cha wanaume kimeinuka sentimita 91.4 na hakianguki: ukikigonga, unaanguka wewe. Kwa hiyo mwalimu mzuri huanza polepole. Humtembeza kijana ubavuni mwa kiunzi, avushe mguu wa nyuma peke yake, goti likifunguka kwa nje, vidole vikitazama juu. Anarudia tena na tena hadi nyonga ilainike. Kupanda milima kunajenga stamina, lakini nyonga hulainishwa na zoezi hili linalochosha.

Maji ndiyo mtihani mkubwa. Dimbwi lina urefu wa mita 3.66, lenye kina zaidi karibu na kiunzi, kisha sakafu inapanda taratibu. Mwenye ustadi hukanyaga boriti ya kiunzi goti likiwa limekunjwa, mwili umeinama, na kuisukuma akiwa ameshaipita. Mguu mmoja unatua penye maji haba, wa pili uko nchi kavu. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya jijini Mexico, Amos Biwott aliruka dimbwi zima na kutwaa dhahabu miguu mikavu. Ilikuwa ajabu ya kutazama, ila kuruka mbali hivyo kuna gharama. Miaka 20 baadaye, Julius Kariuki, mzaliwa wa Nyahururu, alishinda Seoul kwa dakika 8:05.51, rekodi ya Olimpiki iliyodumu hadi Conseslus Kipruto alipoivunja Rio mwaka 2016.

Ninachokiheshimu kuliko vyote hakionekani kwa urahisi. Mkimbiaji wa mita 110 kuruka viunzi ana njia yake na huhesabu hatua. Huyu wa viunzi na maji amezingirwa na wenzake, kiunzi anakiona kikiwa kimeshafika, na lazima aweze kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Ukimwona akibadili mguu ghafla katika msongamano ule, mabega yametulia, mpigie makofi hata akimaliza wa tisa.